Uchafu Ule Ulikuwa wa Nani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni, hapa Mwanga, jirani na Ujiji. Inakwenda mbele dakika saba na nimeamua kuiacha ilivyo. Mkaniomba pia niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya maabara, ili wanaokuja wasianzie sifuri. Ombi hilo limenisumbua kuliko saa. Nimekaa na daftari wiki tatu sasa, na kila nikianza kuandika nilichojua, najikuta naandika kilichonichanganya. Basi nitaandika hicho hicho. Vyeo na mishahara mtaviona kwenye jalada langu, kama panya hawajalimaliza.

Nilizaliwa Simbo, nikasomea maabara nje ya mkoa, nikarudi na cheti, viatu vya ngozi na Kiswahili cha kujidai. Maabara yetu wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa. Msidhani dirisha lile lilikuwa la kupunga upepo. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, ukikigeuza vizuri kinakamata mwanga wa nje na kuupandisha kwenye slaidi. Jua likiwaka tunafanya kazi, wingu likivuka kutoka Kongo tunaandika "majibu kesho". Wataalamu wa lugha wanasema kifaa kile ni hadubini, na darubini ni ya kutazamia nyota. Sisi tuliiita darubini, nayo ikaitika.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, mwembamba, koti jeupe lililopigwa pasi ya mkaa na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Siku ya kwanza alinipa beseni la slaidi nioshe. Nilikuwa na cheti, nikaosha. Mchana aliponiona nimenuna akaniambia, "Binti, hapa unaandika ulichokiona. Unachokijua kaa nacho."

Wiki hiyo hiyo nilipangwa dirishani kupokea wagonjwa. Akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Kalinzi, anakohoa, na mimi nikataka asikie Kiswahili changu. Nikamwambia kesho, kabla hajala kitu, aniletee mate kwenye kikopo nilichompa. Kesho yake alifika mapema, kikopo amekifunga kwa kitambaa cheupe, bado cha moto. Kilikuwa na maziwa. Kwa Kiha chetu maziwa ni amata, na mimi Muha niliyesoma nilikuwa nimesahau lugha ya mama yangu kwa miaka mitatu tu ya chuo. Mama wa watu alikuwa amekamua ng'ombe wake gizani akashuka nayo mlimani, huku akijiuliza hospitali inataka maziwa ya nini. Mzee Rajabu hakucheka mbele yake. Alimketisha, akakohoa mwenyewe kutoka chini ya kifua mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akamwonyesha kwa kidole yanakotoka makohozi. Kisha akaniamuru nifanye hivyo kwa kila mgonjwa, wiki nzima. Jioni nilikuwa nikirudi nyumbani sina sauti.

Sasa nifike kwenye fangasi, maana ndiyo sababu ya maandishi haya.

Nilikuwa na miaka kama minne kazini alipokuja mkulima mmoja wa kwetu Simbo, amekonda, homa za jioni, kikohozi cha miezi. Alileta vikopo vitatu vya asubuhi kama alivyoelekezwa. Mzee Rajabu alikuwa likizo. Niliweka tone la potashi, ile dawa inayoyeyusha makohozi na kuacha fangasi wazi, nikageuza kioo, nikaona nyuzi. Nyuzi ndefu, zina vigawanyo ndani, zinachipua matawi kama vidole viwili vilivyoachana. Nilikuwa nimeziona kwenye kitabu cha chuo peke yake. Vikopo vyote vitatu vilikuwa nazo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaandika FANGASI kwa herufi kubwa, nikaipeleka karatasi wodini mimi mwenyewe.

Daktari wa wakati huo aliamini karatasi. Mkulima akaanzishiwa dripu ya dawa ya fangasi, ile kali ya zamani iliyokuwa ikimtikisa mtu mpaka kitanda kinahama. Siku ya nne mkojo ukaanza kupungua. Siku ya tano Mzee Rajabu akarudi. Hakuuliza slaidi, aliuliza vikopo. Akavifungua, akanusa, akanitazama.

"Hivi vimesafiri na nini?"

Sikujua. Akaenda wodini kuuliza. Mgonjwa alikuwa anakuja mjini na kiroba cha makopa ya kuuza sokoni, na ili vikopo visipasuke kwenye baiskeli alivifukia humo humo katikati ya muhogo. Vifuniko viwili vilikuwa vimelegea. Ninyi mliotoka mikoa mingine huenda hamjui makopa ya kwetu yanavyotengenezwa: muhogo unamenywa, unarundikwa, unafunikwa mpaka uote ukungu, kisha ukungu unakwanguliwa na muhogo unaanikwa. Bila ukungu ule ugali hauwi laini. Kwa maneno mengine sisi tunaufuga wenyewe, tunaukwangua, na unaobaki tunaula.

Mzee Rajabu alimtoa yule mkulima uani, akampa kikopo kipya, akamsimamia akohoe. Nyuzi hazikuwamo. Walikuwamo vijidudu wa kifua kikuu, wekundu kwa ile rangi ya kuwapimia, wengi, ambao mimi sikuhangaika kuwatafuta kwa sababu nilishapata cha kunifurahisha. Dripu ikang'olewa, akaanzishiwa dawa za TB, figo zikarudi. Alipopona alituletea zawadi ya kiroba cha makopa.

Siku ile Mzee Rajabu alifungua kitabu cha maabara, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja juu ya FANGASI yangu. Mmoja tu, neno likabaki linasomeka. Juu yake akaandika: uchafu. Akanipa kalamu.

"Kitabu hiki hakifutwi. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja, lisomeke, na aliyekosea anaandika jina lake pembeni. Andika."

Nikaandika. Halafu akanipa kanuni niliyoishika maisha yangu yote. Alisema, "Ukungu ni uchafu, mpaka makohozi mapya yaseme vingine."

Nimesema niliishika. Ukweli ni kwamba nilishika nusu yake. Ile nusu ya pili, kuhusu makohozi mapya, sijui ilinidondoka lini. Labda Mzee Rajabu alipostaafu, labda alipofariki na tukamzika Ujiji na mimi nikarithi kiti, funguo na kalamu nyekundu. Kila mvua za masika zikianza, dari la maabara lilipata madoa, na ukiacha sahani ya kuoteshea wazi kwa muda wa kunywa chai, kesho yake imeota bustani. Mara mbili tulijaribu kuotesha makohozi ya wagonjwa, tukaotesha dari letu. Kwa hiyo uchafu ulikuwa jibu la salama. Haukumpa mtu dripu, haukumtikisa mtu kitandani. Nililiandika neno hilo kwa bluu, bila wasiwasi, na wanafunzi wangu wakajifunza kutoka kwangu. Baadhi yenu ni ninyi.

Kisha ukaja wakati wa wagonjwa ambao kinga yao imeshuka. Hapo fangasi walibadilika tabia, au sisi ndio tulianza kuwaona. Wale wa kichwani hawakunisumbua: unachukua maji ya uti wa mgongo, unaweka tone la wino mweusi, na fangasi wanang'aa kila mmoja na duara lake jeupe. Ukiwaona huko, mgonjwa anaumwa, hakuna mjadala. Lakini kifua si uti wa mgongo. Kifua kina mlango. Kinavuta vumbi la barabara, moshi wa mafiga, unga, kila kitu. Nikiona nyuzi kwenye makohozi, nitajuaje kama zimetoka ndani ya pafu, kooni, kwenye kikopo au kwenye dari? Nilijiuliza hivyo siku moja moja, kisha foleni dirishani inaniita, naandika uchafu, naendelea.

Hivi ndivyo nilivyokutana na Bi. Zabibu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Simbo kama mimi, mjane, anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga kule Katubuka. Alikuwa anatumia ARV kwa miaka mingi, kwa nidhamu, na TB alikwishaugua mara mbili na kupona mara mbili. Sasa kikohozi kilikuwa kimerudi, na mara moja moja makohozi yalikuwa na michirizi ya damu. Mashine mpya ya TB, ile inayotoa jibu kwa muda wa kupika maharage, ikasema hana. Nikaweka tone la potashi kwa mazoea. Nyuzi zilikuwapo.

Nilipotoa kichwa dirishani nikamwona amesimama, unga wa muhogo umemkaa kwenye nyusi na kwenye ukingo wa mtandio. Nikajibu swali langu mwenyewe. Nikaandika uchafu, arudie.

Jibu halikutoka mkononi mwangu, lilipitia kwa nesi wa kliniki, binti mwema wa Kasulu aliyependa wagonjwa waelewe. Kiswahili hakikumtosha, akamwambia kwa Kiha kwamba kohozi lake limekutwa na umwanda. Sasa, uchafu kwenye kitabu cha maabara ni vumbi lililoingia kikoponi. Umwanda, ukimwambia mama wa kwetu aliyeishi na ugonjwa ule ambao watu walishamnyooshea kidole, hauwi vumbi tena, ni unajisi wa mtu mwenyewe. Hilo nililijua baadaye sana.

Wiki iliyofuata alirudi. Kikopo alikuwa amekiosha kwa sabuni ya unga, na kinywa amekisugua kwa chumvi na ndimu mpaka midomo imepasuka. Niliona mapovu chini ya darubini, na katikati ya mapovu, nyuzi zile zile. Nikaandika uchafu mara ya pili. Safari hii alikuja dirishani mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Samahani nikuulize. Huo uchafu ni wa kwangu au wa kwenu?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ni wa kikopo.

"Kikopo nimekiosha."

"Basi ni wa mashine, ule unga."

"Nimeoga kabla ya kuja. Nimepiga mswaki mara tatu."

Nikajiona nasukumwa ukutani, na mtu akisukumwa ukutani huwa anajitia utaalamu. Nikachukua kikopo kipya kutoka kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, nikampeleka uani kwenye jua, nikamsimamia akohoe kama Mzee Rajabu alivyosimamia. Alikohoa kutoka chini, akashika ukuta, akatoa kohozi lenye mchirizi wa damu. Nililipima saa ile ile. Nyuzi. Nyingi kuliko mwanzo.

Vijana wangu, hapa ndipo ninapotaka msome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nimeparudia mara nyingi na bado sipaelewi. Kikopo kilikuwa changu, kipya. Mkono uliokifungua ni wangu. Makohozi mapya yalikuwa yamesema vingine, tena waziwazi, na mimi ndiye niliyeyapokea. Nikakaa na kalamu mkononi, nikafikiri juu ya mkulima na dripu yake, nikafikiri labda vumbi limemkaa kooni miaka yote hiyo ya kusaga, na mkono wangu ukaandika uchafu mara ya tatu. Siwezi kuwaambia niliamini. Siwezi kuwaambia sikuamini. Niliandika lile neno kwa sababu mkono ulikuwa unalijua.

Bi. Zabibu hakurudi tena.

Miezi ilipita. Nikapelekwa semina, ile iliyofanyikia kwenye hoteli yenye chai nzuri na vipaza sauti vibovu. Mkufunzi alikuwa kijana, anajua kazi yake, ila amesomea kila kitu kwa Kiingereza. Akatuambia leo tutazungumzia "ukoloni wa fangasi mapafuni kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu". Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akauliza uhuru tutapata lini. Kijana wa watu akavumilia, akaeleza. Pafu lililowahi kuugua TB linaweza kubaki na shimo. Ndani ya shimo lile fangasi anaweza kuhamia na kukaa, hana haraka. Kwa mmoja atakaa miaka bila kumdhuru. Kwa mwingine, kinga ikiwa chini, ataanza kula kuta za shimo, na mgonjwa atatema damu. Chini ya darubini nyuzi ni zile zile kwa wote wawili.

Nikanyoosha mkono. "Sasa mimi niliye kwenye darubini niandike nini?"

"Inategemea, mama," akasema.

"Inategemea nini?"

"Picha ya kifua, dalili, uzito, amerudiwa mara ngapi, damu ipo au haipo. Maabara peke yake haiwezi kusema kama anakaa tu au anabomoa. Ila isiseme hayupo."

Chai ya saa nne sikuinywa. Niliporudi kazini nilifungua vitabu vya zamani, kimoja baada ya kingine, nikitafuta neno moja kwa mwandiko wangu. Lilikuwapo. Lilikuwapo kurasa nyingi, limeandikwa vizuri, kwa bluu. Mengine bila shaka yalikuwa uchafu kweli, masika na makopa vipo. Mengine sijui. Kisha nikafika kwenye jina la Zabibu, mara tatu, na pembeni ya lile la tatu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: kikopo kipya, mbele yangu. Nikafunga kitabu, nikatoka kwenda kumtafuta.

Kule Katubuka mwenye mashine aliniambia Zabibu aliacha kazi siku nyingi. "Alikuwa anatapika damu, mama. Wamemrudisha kwao Simbo. Sijui kama mtamkuta." Nikachukua bodaboda pale pale, koti la maabara likiwa bado mwilini, na njia nzima sikujua nitamwambia nini.

Nilimkuta kwa kaka yake, amekaa nyuma ya nyumba peke yake kwenye mkeka. Alikuwa amebaki macho. Karibu yake palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko, vimefunikwa kwa kitambaa, mbali na vyombo vya wengine. Aliniamkia nikaitikia, nikaketi, na kabla sijapata pa kuanzia akasogeza mkeka wake nyuma.

"Usikae karibu, dada. Unajua nilicho nacho."

"Una nini?"

"Si wewe uliyeandika? Umwanda. Wajukuu siwapakati tena. Nimeosha kinywa mpaka kwa majivu, hautoki." Akakivuta kitambaa kifunike vyombo vyake vizuri. "Dawa zangu za siku zote sijaacha. Niliona tu nisirudi kuwachafulia vikopo vyenu."

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Nilimweleza kwa Kiha, kibovu changu kilichobaki, kwamba hakuna uchafu wowote, kwamba neno lile lilikuwa la vumbi na hata kwa vumbi lilikuwa la uongo. Nikamwambia kuna kitu kimehamia kwenye pafu lake, kwenye shimo lililoachwa na TB, kitu cha jamii ya ule ukungu wa makopa, na hakiambukizi wajukuu.

"Kwa hiyo ni mpangaji," akasema.

"Ndiyo. Ila sijui kama ni mpangaji wa kukaa kimya au ameanza kubomoa nyumba."

"Hujui?"

"Sijui, Zabibu. Na safari hii sitaandika kama najua."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatema damu kwenye majivu kando ya mkeka. Kaka yake alikwenda kutafuta gari.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Elibariki, aliyeletwa kutoka Kilimanjaro na ambaye hakuwahi kuisamehe migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa miiba yake. Nilimpelekea vipimo vyote vitatu na maelezo ya vikopo, bila kuficha. Alipiga picha ya kifua. Juu kulia palionekana shimo, na ndani yake donge. Akamlaza Zabibu ubavu, akapiga tena, na donge lilikuwa limebiringika kufuata uzito wake. Alinionyesha picha mbili pamoja kwenye mwanga. Donge la fangasi lilikuwa humo muda wote, na nyuzi zake katika kila kohozi nililoliita vumbi.

Msidhani hapo mambo yakanyooka. Damu ilipelekwa Dar es Salaam kupimwa, majibu yakakaa wiki kadhaa, yakarudi yapo katikati, si ndiyo wala si hapana. Daktari alitembea chumbani. Dawa ya vidonge ingemchukua miezi mingi, nayo inaweza kuumiza ini, na ilibidi aangalie mara mbili kama inapatana na ARV zake. Kama fangasi anakaa tu, tunamnywesha sumu bure. Kama anabomoa, kila siku ya kungoja ni ya hatari. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia nilichokiona: nyuzi mara tatu, kikopo kipya, kohozi lina damu, na mtu aliyekuwa anabeba magunia sasa hawezi kubeba kikombe. Akaandika dawa. Mkono wake nao ulisita, nilimwona.

Zabibu alikunywa vidonge. Mwezi wa kwanza sikulala vizuri, kila njano niliyoiona machoni mwa mtu niliiona ni ini lake. Mwezi wa tatu damu ilikoma. Baadaye akaanza kunenepa shingo, halafu mikono. Lakini makohozi yake nilipoyapima, nyuzi bado zilikuwapo, chache, zimetulia. Nilimpelekea daktari.

"Bado yumo," nikasema.

"Naona. Na Zabibu naye yupo," akajibu daktari.

Sijui kama tulimponya au tulipatanisha tu mpangaji na mwenye nyumba. Tangu hapo nikawa naandika hivi, na nawaomba nanyi mwandike hivi mpaka mpate maneno bora: nyuzi za fangasi zimeonekana, kikopo kilitoka wapi, kohozi ni la ngapi, daktari amtazame mgonjwa. Ni maelezo marefu kwa safu nyembamba. Andikeni kwa herufi ndogo.

Yale majina mengine yananiuma. Nilijaribu kuwatafuta baadhi yao. Mmoja alihamia Mpanda, mmoja nilimkuta mzima, analima, ananishangaa. Mmoja nilifika mpaka mlangoni kwao, nikaona viatu vingi nje na watu wamekaa chini, nikageuka bila kuuliza ni msiba wa nani. Siwezi kukata neno uchafu mbele ya majina yao, kwa sababu sijui niandike nini juu yake. Vitabu viko kabati la chini, funguo mnazo. Mkiwa na akili kuliko yangu, vifungueni.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Zabibu alikuja kliniki kwa miguu yake, amejifunga kanga mpya, akapitia dirishani. Alinipa shikamoo, akauliza kama ni kweli naondoka. Kisha akasema alisoma mpaka darasa la saba na anataka kuliona lile neno.

Nililitoa kabatini lile daftari kubwa, nikaligeuza limwelekee. Aliweka kidole kwenye jina lake, akakiburura mpaka mwisho wa mstari.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Lifute."

"Kitabu hiki hakifutwi. Tunakata kwa mstari mmoja."

"Basi kata."

Nikachukua kalamu nyekundu. Nilikata mara tatu, na juu ya kila moja nikaandika nilichokiona. Aliinama akatazama kwa karibu.

"Mbona bado linasomeka?"

"Ndio utaratibu. Kosa lisomeke, watu wajue lilikuwapo."

Akarudisha kidole kwenye jina lake.

"Na mimi jina langu linasomeka hapo hapo."

"Linasomeka."

"Basi na lako liwepo. Pote patatu."

Nikaandika Leokadia, Leokadia, Leokadia, na yeye akafuata kila herufi kwa kidole mpaka nikamaliza.